Rangi haikaushi ukuta: kuikinga nyumba na maji hapa kwetu Mtwara na Lindi

Miaka mitatu mfululizo nilipaka rangi ukuta uleule wa chumba cha watoto. Kila Desemba, siku chache kabla ya sikukuu, nanunua rangi, naukwangua, naupaka, unang'aa. Ikifika Machi rangi imevimba kama chapati, ukiigusa kwa kidole inapukutika, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Mwaka wa tatu mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Lindi. Aliuangalia ule ukuta, asiseme kitu. Akatoka nje, akaizunguka nyumba, akasimama penye tuta la maua la mke wangu.

"Baba Salma," akaniita, "hebu njoo. Hili tuta limefika wapi, na sakafu yako iko wapi?"

Tuta lilikuwa limepita usawa wa sakafu kwa kiganja kizima. Kila jioni tukimwagilia maua, kumbe tunamwagilia ukuta. Nililiondoa kwa jembe asubuhi moja, bila kutoa hata shilingi. Ukuta ulichukua miezi kukauka, lakini ulikauka.

Kwa hiyo usitegemee nianze na saruji wala dawa za kuziba. Nitaanza na macho, nifuate na jembe, ndipo tufike dukani.

Kwanza, ujue msimu

Huku kusini hatuna vuli na masika kama watu wa Dar es Salaam. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kusi inaingia na ukavu wake. Tatizo ni kwamba pesa nazo zina msimu. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, malipo yanaingia Novemba na Desemba, na hapo ndipo kila mtu anakumbuka paa lake. Fundi mmoja anakimbizana na nyumba tano, mawingu yamekwisha jikusanya, kazi inafanywa mbiombio. Nimewahi kuona bati zinapigiliwa huku manyunyu yanaanguka.

Ukiweza, gawa kazi hivi: Machi na Aprili ni miezi ya kuangalia na kuweka alama, Juni hadi Septemba ni miezi ya kutengeneza. Mafundi wana nafasi wakati huo, na upepo wa kusi unakausha ukuta bure. Kama pesa ya bati ni lazima isubiri korosho, basi angalau kazi za jembe na ngazi zimalizike mapema.

Wala usijisahau mvua zikianza kupungua. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichotua Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma na kuwahamisha watu wa Mtwara, kilikuwa Aprili 2019. Hidaya kilikuja mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wengi wetu tumeshaanua maturubai. Mkia wa msimu ndio unaouma.

Zunguka nyumba mvua ikinyesha

Chukua mwavuli, tochi na kipande cha mkaa. Ngoja mvua kubwa, isiyo na radi, uizunguke nyumba taratibu. Angalia maji yanayotoka paani yanaangukia wapi, yanarukia ukuta kwa urefu gani, yanatuama wapi, na ya kwa jirani yanaingia kwako kupitia njia ipi. Kila unapoona jambo, piga mstari wa mkaa ukutani au kichomeke kijiti ardhini. Ukisubiri jua liwake utakuwa umesahau nusu.

Kisha ingia ndani usome madoa. Unyevu unaoanzia chini na kuishia magotini au kiunoni, karibu usawa mmoja ukuta mzima, kwa kawaida unapanda kutoka ardhini. Doa la juu, kwenye kona au linaloshuka kama machozi, ni la paa. Doa la duara katikati ya ukuta, hasa ukuta unaopakana na bafu au jiko, na ambalo halijali kama ni masika au kiangazi, hilo ni bomba.

Ukishindwa kuamua, kata kipande cha nailoni ngumu ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani tu: nguo zinaanikwa ndani, madirisha hayafunguliwi, watu sita wanalala humo. Dawa yake ni hewa.

Paa nalo lina ujanja wake. Maji yakiingia kwenye tundu la msumari huteleza juu ya papi (mbao zinazobeba bati) au upande wa chini wa bati, wakati mwingine mita moja au mbili, ndipo yanadondoka. Unaziba juu ya beseni, kumbe tundu liko kule. Mchana wa jua kali ingia darini, zima tochi, utaona matundu yanawaka kama nyota. Pitisha kijiti cha chelewa katika kila tundu ili fundi akiwa juu ayaone.

Jembe kabla ya saruji

Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kuwa chini ya sakafu ya ndani, angalau sentimita 15, na bondeni zaidi ya hapo. Halafu iteremke kwenda mbali na ukuta: kushuka sentimita 5 kwa kila mita moja, kwa mita 2 za mwanzo, inatosha. Kupima huhitaji mtaalamu. Ule mpira mweupe wa mafundi wa kupimia usawa, ukijazwa maji, utakuambia ukweli. Ubao mnyoofu na chupa ya maji iliyolazwa juu yake pia utasaidia, ingawa mjomba wangu anaucheka.

Mtwara mjini udongo wetu mwingi ni kichanga, unakunywa maji haraka, na hapo ndipo tunapodanganyika. Maji yanayodondoka kutoka ukingo wa bati yanachimba mfereji mdogo mdogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja unaona mawe ya msingi yamechungulia. Pale maji yanapoangukia mwaga kokoto, upana wa nusu mita hivi, unene wa kiganja. Zinavunja nguvu ya matone, na tope haliruki tena ukutani. Kifusi cha matofali kilichovunjwavunjwa kinafanya kazi hiyohiyo.

Lindi habari ni nyingine. Mji umekaa bahari ikiwa miguuni na vilima mgongoni, na maji ya kilimani hayaombi njia. Aliyejenga kwenye mteremko achimbe mfereji wa kukinga upande wa juu wa nyumba, mita 2 au 3 kutoka ukutani, kina cha sentimita 30 au 40, ukiwa umeinama kidogo kuyapeleka maji pembeni. Udongo unaochimbua uuweke upande wa nyumba uwe tuta, na juu ya tuta panda ukoka usichukuliwe na maji. Mfereji uishie kwenye mtaro wa mtaa, usiishie kwa jirani. Ugomvi wa maji kati ya majirani ninaoujua mimi umefika kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili na haujaisha. Ni heri kwenda kuzungumza na jirani mapema, mkachimba mfereji mmoja wenu wote.

Mitaro ya mtaa nayo muizibue kabla ya Novemba. Vifuu, chupa na mifuko vikizibia kwenye kalvati, maji yatarudi kwa wa kwanza aliye chini, na pengine wa kwanza ni wewe.

Paa: msumari, kutu na upepo wa baharini

Bati halivuji katikati, linavuja kwenye msumari, linapolaliana na jenzake, na kwenye kofia ya juu ya paa. Mchana jua linalitanua, usiku linajikunja, na kwa miaka mingi kule kutanuka na kujikunja kunaung'oa msumari milimita moja moja. Msumari uliolegea unajitangaza wenyewe: unazungukwa na duara la kutu. Usiugongee palepale, tundu limekwisha panuka. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kidogo kuliko msumari ule, yenye mpira wake chini ya kichwa, uikaze mpaka mpira ulale bila kuubana ukapasuka. Kwa bati za migongo ya kawaida, msumari au skrubu inapita juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita.

Kuna kosa nimeliona karibu kila mtaa: kuziba tundu la bati kwa saruji. Saruji haishiki bati. Bati linacheza, saruji haichezi, inapasuka baada ya jua la wiki moja, na ikiwa mbichi inakula ile ngozi ya zinki, kwa hiyo unajiongezea kutu. Kwa tundu dogo sugua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, paka lami laini ya kuzibia, laza kipande cha kitambaa kigumu, paka lami tena juu yake. Au tumia silikoni ya nje, mradi bati liwe kavu kabisa. Tundu likizidi ukubwa wa shilingi mia, au kutu ikishatoboa mstari mzima, acha kuviraka. Badilisha bati.

Ukienda kununua, kumbuka geji, yaani namba ya unene wa bati, inahesabiwa kinyume: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28. Sisi tulio karibu na chumvi, Shangani, Mikindani, Lindi kandokando ya ghuba, Kilwa Masoko, bati jepesi halitufai hata kama bei yake inavutia. Ukubali kupaua vyumba viwili mwaka huu kwa bati nene na vingine mwaka ujao.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi wengi hawaambiwi. Mvua zetu huja na upepo wa upande wa baharini, kaskazi kwanza, na mwisho wa msimu ule wa kusi. Bati zikilaliana, ule ukingo wa bati la juu ni mdomo. Mdomo ukitazama bahari, upepo unasukuma maji ndani. Mwambie fundi aanze kupigilia mwisho wa nyumba ulio upande wa bara, amalizie upande wa bahari, ili midomo yote itazame bara. Kwa ubavuni bati zilaliane mgongo mmoja na nusu, au miwili ukiwa pembeni kabisa mwa bahari. Kwa urefu, sentimita 15 kwa paa la mteremko mzuri, 20 na kuendelea kama paa limelala. Nyumba ya kwanza niliyojenga midomo inatazama bahari. Ninaishi nayo hivyohivyo, kila Februari nasogeza kabati.

Wanaoweka mawe na matairi juu ya bati ili lisipeperuke, tafadhali yashusheni. Upepo wa kimbunga ukilinyanyua bati, jiwe linakuwa kombora. Kinachoshika paa ni kenchi (fremu za mbao za paa) kufungwa ukutani kwa waya mzito au vyuma vilivyozamishwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, na papi kupigiliwa sawasawa kwenye kenchi. Kagua hilo kabla ya kuhangaikia matundu.

Nyumba za zamani zenye paa la asbesto msizikwangue wala kuzitoboa. Vumbi lake linaharibu mapafu. Hilo mpeni mtu anayejua.

Gata na simtank, furaha inayogeuka

Hapa nataka tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1. Paa la nyumba ya kawaida, mita 8 kwa 10, ni mita za mraba 80. Mvua moja nzito ya milimita 50 inalipatia lita 4,000. Simtank yako ni ya lita 1,000. Imejaa, umefurahi, umeweka na ndoo zote nje. Lita 3,000 zilizobaki zimekwenda wapi?

Mara nyingi jibu ni: kwenye msingi. Bomba la kutolea maji ya ziada la tangi limeachwa linamwaga palepale chini ya kitako cha tangi, na tangi limebanana na ukuta. Nimeona kona ya nyumba imetitia kwa sababu hiyo, mwenyewe analaumu udongo. Unganisha bomba kwenye tundu hilo, upana wake usiwe mdogo kuliko lile linaloingiza, ulipeleke mita 3 au zaidi mpaka kwenye mtaro, migombani au kwenye shimo la kokoto. Migomba itakushukuru. Wenzetu wa Newala na Tandahimba wanaohifadhi maji ya mvua kwenye visima vya kujengea watakuambia hilohilo: kisima hakichimbwi chini ya dirisha.

Gata lenyewe, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, liiname sentimita 1 kwa kila mita 2, likishikwa na vyuma vyake karibukaribu, maana likijaa maji na majani ni zito. Mwembe, mwarobaini na mkorosho ukiwa juu ya paa, lisafishe kabla ya mvua za kwanza, na tena Januari. Lililoziba ni baya kuliko kutokuwa na gata: maji yanarudi nyuma, yanaozesha fashia (ubao wa ukingo wa paa), yanaingia darini, na gipsamu ikilowa mara mbili inashuka na taa zake.

Ukuta na chumvi yake

Turudi kwenye ule unga mweupe. Ni chumvi. Inatoka ardhini, au inatoka kwenye mchanga uliotumika kujengea, na chumvi inavuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Anayepiga plasta kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure atakuwa na ukuta unaotoa jasho maisha yake yote. Kuupima mchanga ni rahisi. Jaza nusu chupa, ongeza maji safi, tikisa, acha utuame. Chota vijiko vichache vya maji ya juu, yakaushe jikoni kwenye kifuniko cha sufuria. Pembeni kausha kiasi kilekile cha maji matupu, kwa sababu visima vingi vya pwani navyo vina chumvi. Kifuniko cha mchanga kikiachwa na ukoko mweupe mwingi kuliko kile cha maji, mrudishie mwenye lori mchanga wake.

Kwa ukuta uliokwisha haribika, utaratibu ni huu. Ondoa kwanza chanzo: tuta, bomba, matone. Bandua plasta kutoka chini hadi nusu mita juu ya pale unyevu unapoishia. Piga ile chumvi kwa brashi kavu, ifagie uitoe nje, usiioshe kwa maji, yatairudisha ndani. Halafu ngoja. Makadirio ya siku nyingi ni inchi moja ya ukuta kwa mwezi, kwa hiyo tofali la inchi 6 linalopigwa upepo pande zote mbili linataka miezi mitatu hivi. Ukibandua Juni, unapiga plasta mpya Septemba. Aliyebandua Novemba hana ujanja.

Kama nyumba ilijengwa bila ile nailoni nzito juu ya msingi, ambayo mafundi wanaiita DPC, unyevu utaendelea kujaribu kupanda. Kushusha ardhi ya nje na kuweka kokoto kunaupunguza sana. Anayejenga sasa asikubali kozi ya kwanza ya ukuta ipande kabla hajaiona nailoni hiyo kwa macho yake, imelazwa msingi mzima, viungo vimelaliana. Ni gharama ndogo kuliko zote kwenye jengo lako, na huwezi kurudi nyuma kuiweka.

Tuna desturi moja pia: kupaka rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta ili watoto wasichafue. Kwenye ukuta mkavu haina neno. Kwenye ukuta wenye unyevu inaufunga mlango wa kutokea, na unyevu unapanda hadi juu ya mstari wa rangi. Chini tumia rangi ya maji, au chokaa.

Na kuhusu chokaa, wenye nyumba za mawe ya matumbawe Mikindani, Kilwa na Lindi ya zamani, nawaomba. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: unalowa masika, unakauka kusi. Nyumba ya mjomba Mikindani ilidumu hivyo kwa vizazi. Mwaka mmoja tulimchukulia fundi, akaipaka plasta ya saruji mbele yote, ikapendeza kwelikweli. Miaka mitano baadaye plasta ilianguka kwa mabamba, na nyuma yake chokaa ya mababu ilikuwa imelainika kama uji wa muhogo. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Kwa nyumba hizo plasta iwe ya chokaa na mchanga uliooshwa, na rangi ya juu iwe chokaa. Boriti za mikoko zikague pale zinapoingia ukutani: choma kwa bisibisi, ikizama kama kwenye embe, hiyo imeoza.

Nyumba za miti na udongo zinataka mambo mawili tu, kofia pana na viatu. Paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 na kuendelea, na baraza liinuliwe lizunguke ukuta. Makuti yakiwa na mteremko mkali yanakausha upesi, na moshi wa jiko unayalinda na wadudu. Bibi zetu hawakupikia ndani kwa kukosa akili.

Madirishani hakikisha kizingiti cha nje kinainama kwenda nje, na chini yake kuwe na kijimfereji cha kudondoshea matone. Bila hicho maji yanarudi ukutani kwa kufuata upande wa chini wa zege.

Maji ya bomba

Hasara kubwa kuliko zote nyumbani kwangu haikuletwa na mvua. Ilikuwa siku ya mgao. Mtoto alifungua koki asubuhi, maji hayakutoka, akaiacha wazi, chini yake kuna sinki lililozibwa na bakuli la vyombo. Tukaondoka. Saa nne maji yakarudi. Jioni tulikuta godoro limekunywa, zulia linaelea, na boksi la vyeti chini ya kitanda limekuwa karatasi moja nene. Tangu siku ile mtu wa mwisho kutoka anafunga koki kubwa ya pale kwenye mita. Ni sheria ya nyumba, hata kwa wageni.

Mara moja kwa mwezi fanya jaribio la mita. Funga koki zote, hakikisha tangi halijazi, andika namba za mita pamoja na zile nyekundu za mwisho, kaa saa nzima. Namba zikisogea, kuna bomba linavuja lisikoonekana. Funga koki ya kuingilia ndani, pima tena: zikiacha, tatizo liko ndani; zikiendelea, liko kati ya mita na nyumba. Uvujaji ulio upande wa mtaa kabla ya mita ni wa mamlaka ya maji, MTUWASA kwa Mtwara na LUWASA kwa Lindi, watolee taarifa.

Choo cha kuvuta kinaweza kuvuja kimya kimya usiku kucha. Tia rangi kidogo ndani ya tangi lake, hata ile ya kupakia ukindu inafaa, usivute kwa nusu saa. Bakuli likibadilika rangi, mpira wa chini umechoka. Boya la simtank nalo likikwama, tangi linafurika usiku wewe umelala, kwa hiyo liguse kwa mkono kila ukisafisha tangi.

Sakafu ya bafu iteremke kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 au 2 kwa mita. Ukilishuku bafu, ziba tundu kwa kitambaa, jaza maji ya kina cha vidole viwili, weka alama, acha hadi kesho. Kama yamepungua sana, au ukuta wa chumba cha pili umelowa, viungo vya vigae vimefunguka.

Yakiingia hata hivyo

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, pandisha vitu. Magunia ya korosho na mahindi yakae kwenye chaga, yasiguse ukuta. Hati ya kiwanja, vyeti na kadi za kliniki vifunge kwenye nailoni mbili, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Maji yakianza kuingia, zima swichi kubwa ya umeme ukiwa umesimama pakavu. Kama tayari yamefika kwenye soketi au swichi iko majini, usiiguse, tokeni nje na muwapigie TANESCO. Yakishatoka, sukuma tope likiwa bichi, likikauka ni tofali. Osha kwa maji ya bomba, fungua milango yote, vuta makabati mbali na kuta. Godoro lililonyonya maji ya mafuriko halitengenezeki, limechanganyika na ya chooni. Umeme usiwashwe hadi fundi wa umeme akague.

Kumpokea fundi

Usimlipe fundi wa paa fedha yote siku anayoshuka. Lipa sehemu, ibaki nyingine hadi ujaribu. Kama maji yapo, panda na mpira, mwaga kuanzia chini ya mteremko wa paa, dakika 15 kila sehemu, ukipanda kidogo kidogo huku mtu yuko darini na tochi. Ukianzia juu utalowesha paa zima, na hutajua tundu ni lipi. Fundi mwenye kujiamini hakatai. Wangu alisema, "Mzee, mwaga, mimi nakaa humu ndani," akakaa kweli, akatoka na vumbi la popo kichwani.

Zile alama za mkaa ulizopiga Machi usizifute wala usizipakie rangi. Ziache mpaka mvua kubwa ya Januari, uzizungukie tena na mwavuli moja baada ya nyingine. Iliyo kavu futa. Iliyolowa, piga mstari wa pili.